Wanawake wanaoacha unga watibiwe na kiwewe chao: barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Waziri wa Afya wa kaunti. Kwa Spika na waheshimiwa wajumbe wa Bunge la Kaunti. Nakala kwa wakuu wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na kwa Kamanda wa Polisi wa Mombasa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nawaandikia nikiwa muuguzi mstaafu na mkazi wa Kisauni ambaye, hata baada ya kuvua sare, bado hubishiwa hodi na wanawake wa mtaani wenye jambo wasilotaka kulisema mbele ya dirisha la hospitali. Ninaloliomba ni moja: mwanamke wa Mombasa anayetaka kuacha unga, yaani heroini, atibiwe uraibu wake na kiwewe chake, yale majeraha ya akilini yaliyoachwa na dhuluma, kwa pamoja, mahali pamoja na mikononi mwa watu wale wale, badala ya kutumwa huku na huku kana kwamba ni wagonjwa wawili. Mengine yote nitakayoyataja yanatokana na hilo.

Sisemi kwamba hapajafanywa kitu. Heroini imekuwa Pwani tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu jibu la serikali lilikuwa ni seli za polisi. Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilianza kutolewa nchini mwezi Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ikafika Malindi mwaka uliofuata, na kliniki ya Kisauni ikafunguliwa mwaka 2017. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia tangu mwaka 2007. Mashirika ya Reachout Centre Trust na MEWA yamekuwa yakiingia maskani, yaani vijiwe vya waraibu, na vichochoro vyetu kabla ya wengi wetu kuthubutu kupita huko. Kazi hizi zimeokoa watu, na mimi ni shahidi. Hata hivyo, kila moja ilianzishwa kwa lengo lake: kliniki ya methadoni kwa ajili ya kasumba iliyo mwilini, na kituo cha waathiriwa hasa kwa ajili ya saa na siku za mwanzo baada ya shambulio, wakati wa dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ambayo lazima ianzwe ndani ya saa 72, wakati wa vipimo na fomu ya polisi ya P3. Mwanamke aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 13, akaozwa kwa mtu aliyempiga, akaanza kuvuta unga akiwa na miaka 20, na leo ana miaka 34, hana mlango wake. Kwenye kliniki huambiwa kwamba mambo ya zamani si kazi yao. Kwenye kituo cha waathiriwa huambiwa aache unga kwanza, ndipo arudi azungumze.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini maneno hayo, aache kwanza ndipo azungumze, ndiyo yanayowarudisha wengi maskani. Wanawake wengi niliowasikiliza hawakuanza kutafuta starehe. Baadhi yao walipewa kete ya kwanza, yaani kipakiti cha unga, na mume au mchumba, wengine waliitafuta wenyewe kwa sababu hawakuwa wakipata usingizi. Heroini ni jamii moja na dawa kali za maumivu, na hutuliza hofu kama inavyotuliza mfupa uliovunjika, kwa hiyo mtu anayeishi na kumbukumbu zinazomvamia usiku hugundua upesi sana kwamba kwa saa chache kumbukumbu hizo zimenyamaza. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wazima zaidi ya 9,000 mjini San Diego, wakaonyesha kwamba waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni, kama vile kupigwa, kunajisiwa au kuona mama akipigwa, walikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya kuingia katika ulevi, matumizi ya mihadarati, huzuni nzito na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakupitia lolote. San Diego si Mshomoroni, lakini sijakutana na muuguzi yeyote wa huku kwetu aliyeyashangaa matokeo hayo.

Sasa tazameni kinachotokea mwanamke kama huyo anapoacha. Arosto ya mwili, ile ya kutapika, kuharisha, jasho na mifupa kuuma, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo huwa imepungua. Familia hufurahi, husema amepona, na kituo cha kurekebisha tabia humwandikia kwamba amemaliza hatua ya kwanza. Lakini unga ulikuwa ganzi, na ganzi ikiisha kidonda hubaki vile vile kilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Usingizi hukatika, ndoto hurudi, mlango ukibamizwa anaruka, mtu akimgusa bega kwa nyuma anapiga kelele au anapigana. Mhudumu asiyefundishwa huona kiburi na kumwandikia onyo. Siku ya kumi na tano mwanamke huyo anatoroka, na katika daftari huandikwa kwamba hakuwa tayari kubadilika. Nimeyasoma madaftari ya namna hiyo katika maisha yangu ya kazi, na kwa maoni yangu mengi yalipaswa kuandikwa kwamba kituo ndicho ambacho hakikuwa tayari.

Hapo zamani wataalamu wenyewe walishika kanuni kwamba uraibu utibiwe kwanza na kiwewe kisubiri. Kanuni hiyo imeachwa na miongozo mingi ya tiba ya leo, inayotaka yote mawili yashughulikiwe kwa wakati mmoja, na mwanzo wake si mgumu wala hauhitaji daktari wa akili kila siku. Mwanzo ni usalama: mwanamke apate mahali pa kulala bila kuogopa, aelezwe kwa lugha yake kwamba moyo unaomwenda mbio ni mwili unaokumbuka wala si wazimu, afundishwe namna ya kujituliza hofu inapopanda, na apate mtu mmoja wa kumwamini ambaye hatabadilishwa kila wiki. Habari ya yaliyompata huja baadaye, kwa kasi yake mwenyewe, na wengine huendelea vizuri bila kuisimulia yote. Muuguzi, mshauri nasaha, au mwanamke aliyewahi kupita njia hiyo hiyo anaweza kufundishwa kazi hii ya mwanzo akaifanya vizuri, mradi awepo daktari wa akili wa kumwelekeza na wa kupokea wale waliozidiwa.

Kinyume cha usalama nimekiona pia. Katika kituo kimoja cha kurekebisha tabia, ambacho sikitaji, wanawake waliwekwa ukumbi mmoja na wanaume na kila mmoja akatakiwa asimame aeleze alivyoangukia katika uraibu. Msichana mmoja alieleza, kwa sababu aliambiwa kwamba asiyesema hataki kupona. Habari zake zilifika mtaani kwao kabla yeye mwenyewe hajarudi. Mtindo huu wa kukemewa hadharani, kunyolewa, kufungiwa chumbani na kutishwa ulibuniwa na watu waliomfikiria mraibu kuwa ni mwanamume mkaidi anayehitaji kuvunjwa. Mwanamke aliyekwisha kuvunjwa nyumbani huuona kuwa ni yale yale aliyoyakimbia, na sijui ni kwa hoja gani tungemlaumu akiyakimbia tena.

Foleni ya methadoni nayo ina mambo yake. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na hilo lina sababu njema za kitabibu. Lakini mwanamke husimama katika foleni ile ile na mtu aliyempiga wiki iliyopita, na akitoka nje hukutana na muuza kete aliyeketi karibu na lango, anayejua fika ni nani leo ana njaa na nani ana huzuni. Naomba kliniki zitenge saa za wanawake peke yao asubuhi, ziwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungika ambamo mshauri nasaha wa kike anapatikana saa hizo hizo, na askari wa lango apewe kazi ya kulinda lango kweli. Mambo haya gharama yake ni ndogo sana.

Umbali ni gharama kubwa zaidi. Mwanamke wa Mtongwe aliyeandikishwa Kisauni hutembea au kupanda tuktuk hadi feri, huvuka bure kwa miguu, kisha hutafuta nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, huku mtoto akiwa mgongoni, kila siku ya Mungu, kwa miezi na pengine miaka. Kibarua cha kufua nguo au kuuza mahamri hakimsubiri mtu afike saa nne. Ndiyo maana naiomba kaunti ipeleke madirisha ya kutolea dawa karibu na watu, katika zahanati zilizopo, na iwaruhusu waliotulia kwa muda mrefu wachukue dozi za nyumbani kwa uangalizi. Buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo ipatikane kwa wale inaowafaa.

Nizungumzie uzazi, kwa kuwa hapo ndipo nimeona makosa mengi zaidi, na mengi yanatoka kwetu sisi wahudumu. Heroini huvuruga hedhi, na mwanamke asiyeona siku zake kwa miezi huamini kwamba hawezi tena kushika mimba. Wengi hujua wana mimba ikiwa imefika mwezi wa tano. Anapoanza methadoni mwili hurejea katika utaratibu wake, mara nyingi kabla hajajipanga, na ikiwa dirisha la methadoni na chumba cha uzazi wa mpango viko majengo mawili tofauti na siku mbili tofauti, hatavifikia vyote. Akishika mimba, jirani na hata mkunga humwambia aache dawa mara moja kwa ajili ya mtoto. Ushauri huo ni wa hatari. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 inataka mjamzito aliyezoea heroini aendelezwe kwa methadoni au buprenofini badala ya kukatishwa, kwa maana kukatishwa ghafla kunaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, na mara nyingi humrudisha mama kwenye unga. Mtoto anaweza kuzaliwa akitetemeka, akilia sana na kukataa kunyonya. Hali hiyo inajulikana, inatibika, na maziwa ya mama yake humsaidia. Pamoja na hayo, nimewahi kuona mzazi akitukanwa akiwa kitandani mbele ya wenzake kwa sababu ya kilio cha mtoto. Aliyetukanwa hivyo haji kliniki kwa mimba ya pili.

Kuna na jambo dogo la kitaalamu ambalo huleta msiba usioonekana. Baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadoni mwilini. Mwanamke aliyeanzishiwa dawa hizo katika hospitali nyingine bila kliniki ya methadoni kuarifiwa huanza kuhisi arosto kabla ya siku kwisha, hudhani amepunjwa dozi, na jioni yuko maskani. Faili moja linalosomwa na wote wanaomtibu lingetosha kuzuia hilo.

Ombi langu kubwa zaidi ni nyumba. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2015 kwamba duniani mtumiaji mmoja kati ya kila watatu ni mwanamke, ilhali kati ya watu watano walio katika matibabu, mwanamke ni mmoja tu. Sababu mojawapo hapa kwetu haihitaji utafiti: mama hawezi kuingia kituoni kulala miezi mitatu akiwaacha watoto, hasa ikiwa wa kuachiwa ni watu wale wale wa nyumba aliyoikimbia. Anaogopa pia kwamba akijitambulisha kuwa mraibu atanyang'anywa mtoto. Naomba nyumba ya wanawake ambamo mama analala na wanawe wadogo, yenye wahudumu wa kike usiku, isiyo na bango langoni, na ambamo methadoni inaletwa ndani badala ya kufuatwa. Si lazima lijengwe jengo jipya. Kaunti ina majengo yanayoweza kukarabatiwa, na nyumba ndogo ya vyumba kadhaa iliyoendeshwa vizuri ina faida kuliko jumba kubwa la kukatiwa utepe. Mniwie radhi kwa kusema hivyo, lakini tumeona tepe nyingi zikikatwa.

Kwa Kamanda wa Polisi nina neno moja. Mwanamke anayelala maskani akibakwa haendi kituoni, kwa kuwa anajua kwamba ataulizwa alikuwa akifanya nini pale, na kwamba kete au sindano iliyo mfukoni ndiyo itakayompeleka mahakamani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haikuwatenga watumiaji wa unga katika ulinzi wake. Itolewe amri ya maandishi kwamba anayekuja kuripoti shambulio hatakamatwa kwa matumizi yake mwenyewe kutokana na ripoti hiyo, na apelekwe hospitali kwanza. Hata sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, pamoja na ukali wake, inamruhusu hakimu kuamuru sehemu ya kifungo cha mraibu itumike katika kituo cha matibabu. Na kwa wale wanaofika gereza la wanawake la Shimo la Tewa, Kanuni za Bangkok zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 zinataka magereza yatoe matibabu ya uraibu yanayozingatia dhuluma ambazo wanawake hao wamepitia. Nawaomba wanasheria wa kaunti wazisome.

Kuhusu familia na viongozi wa dini nitasema kwa ufupi. Wazazi wa Mombasa huuza kiwanja ili kijana wao wa kiume apelekwe kituoni, na binti mwenye maradhi hayo hayo humficha chumba cha uani mpaka atoroke. Maimamu na mapadre wakilisema hilo Ijumaa na Jumapili litasikika kuliko bango lolote la serikali.

Na sasa fedha. Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila aliyekuwa akifuatilia huduma za waraibu nchini aliona ni kiasi gani zilitegemea mikono ya wageni: wahudumu wa nyanjani walirudishwa nyumbani, na wagonjwa wakakaa na hofu kama kesho wataikuta dawa. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa katika Kifungu cha 43, na Jedwali la Nne linaziweka mikononi mwa kaunti huduma za afya za kaunti na udhibiti wa dawa za kulevya, vyote viwili. Kwa hiyo jambo hili ni lenu. Mishahara ya washauri nasaha na ya wanawake waliopona wanaowafuata wenzao mitaani iwe katika bajeti ya kaunti, iwe ni mishahara kweli wala si posho ya chai inayotegemea mradi. Hawa wanaoitwa waelimishaji rika ndio pekee wanaokubalika kuketi maskani saa tano za usiku, na ndio wa kwanza kuachishwa kazi mradi ukifungwa.

Bima nayo iangaliwe. Mchango wa chini wa Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa asiyeajiriwa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipwa wa mwaka mzima, na kujiandikisha kunataka kitambulisho. Mwanamke wa maskani kitambulisho chake kilipotea zamani, pengine kiliwekwa rehani kwa kete. Kaunti iwalipie wale walio katika matibabu, na maafisa wa usajili waalikwe kliniki siku moja kila mwezi.

Mwisho, waheshimiwa, kuna tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike mbele ya Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi wasikilizwe. Naomba katika vikao hivyo kitengwe kikao kimoja kwa wanawake walio katika matibabu, kiongozwe na wajumbe wa kike, bila kamera na bila majina kuandikwa, ili waseme wenyewe nyumba ile iwe wapi na ifunguliwe saa ngapi. Wapo walio tayari kuja, nimewauliza. Naomba pia jibu la maandishi la Wizara ya Afya ya kaunti, hata likiwa ni la kukataa, litaje ni kipi kitafanyika katika mwaka huu wa fedha, ni kipi kitasubiri, na ni afisa gani atakayeulizwa.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi mstaafu, Kisauni, Mombasa